Kuta zinasema hivi, maiti inasema vile: maongezi yangu kuhusu mumia (maiti zilizokaushwa) za Misri

(Nimeandika kutoka kwenye rekodi ya simu. Nimetoa vicheko na pale umeme ulipokatika, mengine nimeyaacha kama yalivyotoka mdomoni.)

Shikamooni wazee wangu, na nyie wadogo zangu wa chuo mambo vipi. Najua kuna watu hapa wanajiuliza huyu mtu wa maabara, mtu wa kupima mkojo na choo, leo anatuletea habari za mafarao kivipi. Sasa nisikilizeni mpaka mwisho mtaona kwamba mimi ndo mtu wa kuongelea hili, maana nusu ya tunayoyajua leo kuhusu Wamisri wa kale yametoka kwa watu wa kazi yangu, watu wa maikroskopu, eksirei na siti skani (mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili kipande kwa kipande), wala sio kwa wale wa kutafuta dhahabu.

Hoja yangu leo ni moja. Mmisri wa kale alikua na kuta na alikua na mwili. Ukutani kwenye kaburi lake alichora maisha aliyoyataka, kiuno chembamba, ngozi safi, anakula bata na zabibu, watumishi wanampepea, hana mvi hata moja. Alafu chini ya kuta hizohizo kalala yeye mwenyewe, kakaushwa, na mwili wake una habari tofauti kabisa. Wenyewe hawakutukusudia sisi, walihifadhi mwili kwasababu roho ingerudi kuutafuta. Ila wametuachia faili la mgonjwa la miaka elfu tatu, na faili hilo halikuandikwa kwa kumpendeza mtu.

Tuanze na jinsi walivyojua kukausha maiti. Watu wanadhani siku moja kuhani aliamka na fomula. Hapana, mchanga ndo uliowafundisha. Kabla ya mafarao, mtu akifa anakunjwa magoti kifuani kama mtoto tumboni, anafukiwa kwenye shimo jangwani, basi. Mchanga ule wa moto unanyonya maji yote mwilini kabla bakteria hawajapata nafasi. Pale British Museum kuna kijana wa namna hiyo, katolewa sehemu inaitwa Gebelein, kafa kama mwaka 3400 KK hivi, hajapakwa dawa yoyote na nywele bado ziko kichwani. Zaidi ya miaka mia moja watu wamepita wakimwangalia kwenye kioo wakaenda zao. Mwaka 2012 wakampitisha kwenye siti skani, wakakuta kijana wa miaka 18 mpaka 21, na mgongoni, kwenye bega la kushoto, kuna tundu la kisu. Kachomwa kwa nyuma, mikono haina dalili za kujikinga, yaani hakujua kinachokuja. Na mwaka 2018 wakaangalia lile doa jeusi la mkononi kwa mwanga wa infraredi kumbe ni tatuu, fahali na kondoo wa porini. Mauaji ya miaka zaidi ya elfu tano, na muuaji hajulikani mpaka leo.

Sasa ujanja ukaja na balaa lake. Watu walipopata hela wakaona aibu kufukia mzee wao mchangani, wakajenga makaburi ya matofali, wakatengeneza majeneza. Matokeo yake maiti ikatengana na mchanga, ikaoza. Yaani kadri ulivyomheshimu marehemu ndivyo ulivyomharibu. Ndo hapo ikabidi binadamu afanye kwa mikono kile mchanga ulichokua unafanya bure.

Walitumia chumvi ya natroni, inachimbwa kwenye bonde la Wadi El Natrun huko kaskazini magharibi ya Cairo. Msishangae, ni ndugu wa magadi yetu, haya haya mama anayotia kwenye maharage yaive haraka, na lile Ziwa Natron letu limepewa jina kwa chumvi hiyohiyo. Maiti inafunikwa na hiyo chumvi siku kama 40, shughuli nzima na kufunga vitambaa inafika siku 70. Lakini kabla ya chumvi kuna kupasua. Herodotus, yule Mgiriki aliyezunguka Misri katikati ya karne ya 5 KK, ameandika vizuri sana: ubongo unavutwa kwa ndoano ya chuma kupitia puani, mabaki yanayeyushwa kwa dawa, kisha ubavu unachanwa kwa jiwe kali na matumbo yanatolewa, ndani panasuuzwa kwa mvinyo wa mtende. Ini, mapafu, tumbo na utumbo vinakaushwa peke yake na mara nyingi vinawekwa kwenye mitungi minne. Ubongo unatupwa! Kwao ubongo haukua na kazi, mtu anafikiri kwa moyo, na moyo ndo uliobaki kifuani.

Na hapa kuna kitu kinanifurahisha mimi kama mtu wa maabara. Diodorus, mwandishi mwingine Mgiriki aliyekuja baadae karne ya 1 KK, anasema yule fundi anayechana ubavu akishamaliza tu anatimua mbio, na wenzake wanamfukuza kwa mawe na laana, kwasababu kamjeruhi marehemu. Yaani mmemuita wenyewe, mnamlipa, kazi lazima ifanyike, na bado mnampiga mawe. Wale wanaofanya kazi mochwari hapa wanacheka, wanajua ninachoongea.

Herodotus pia anasema kulikua na bei tatu. Ndugu wa marehemu wanakuja, mafundi wanawaonyesha sampuli za mbao, ya bei juu, ya kati na ya chini kabisa. Ya juu ndo hiyo niliyoeleza. Ya kati hawachani, wanaingiza mafuta ya mwerezi kwa nyuma na kuziba. Ya chini ni kusafisha tumbo na chumvi, basi chukueni mtu wenu. Kwa hiyo hata kufa kulikua na VIP.

Mwaka 2018 pale Saqqara, makaburi ya mji wa kale wa Memphis karibu na Cairo, wamefukua karakana yenyewe ya kazi hii, ya enzi ya miaka ya 600 KK kushuka, na vyungu vyao vimo, na juu ya vyungu wameandika maelekezo! Kimoja kinasema hii ni ya kupaka kichwani, kingine hii ni ya kufanya harufu yake iwe nzuri. Kama sisi tunavyobandika lebo kwenye chupa za rijenti. Wanakemia wakapima mabaki kwenye vyungu 31, majibu yakatoka mwaka 2023, ndani kuna nta ya nyuki, mafuta ya wanyama, mwerezi, lami ya Bahari ya Chumvi, na kilichoshtua watu ni utomvu wa dama, ambao miti yake iko Asia ya Kusini Mashariki. Fikirini hapo, mtu anafia Memphis na dawa ya kumpaka imetoka upande wa pili wa Bahari ya Hindi. Farao Ramses wa Pili, aliyekufa 1213 KK, walipompiga picha za eksirei wakamkuta na punje za pilipili manga ndani ya pua, na pilipili manga wakati ule ilikua inatoka India kusini. Watu wa pwani tunajisifu na biashara ya dau na monsuni, sawa, lakini hizo punje zilishafika mtoni Nile kabla hajazaliwa mtu wa kwanza wa Kilwa. Na ubani na manemane walivitoa nchi waliyoiita Punt, upande huu wetu wa Bahari ya Shamu, malkia Hatshepsut kachora safari nzima kwenye hekalu lake, miti ya manemane imebebwa na mizizi yake kwenye vikapu. Kumetokea mabishano ya miaka mingi Punt ilikua wapi, na waliosaidia kujibu ni nyani, mumia za nyani! Wamepima kemia ya nywele na mifupa yao, ikaelekeza eneo la Eritrea, Ethiopia na Somalia.

Haya, sasa nawaletea mgonjwa wangu ninayempenda. Sio farao. Anaitwa Nakht.

Nakht alikua mfumaji, kijana wa miaka kati ya 14 na 18, aliishi Thebes, ambayo leo ni Luxor, karibu mwaka 1200 KK, na jeneza lake linasema alifanya kazi kwenye hekalu dogo la mfalme Setnakht. Familia yake ilimpatia jeneza zuri ila hela ya mafundi haikuwepo au haikutosha, kwa hiyo hakuna aliyemchana wala aliyemvuta ubongo. Walimwosha, wakamfunga kwa kitani, hewa kavu ya Thebes ikamalizia. Mwaka 1974 kule Toronto, Kanada, timu ya madaktari ikamfanyia postmotamu kamili kama maiti ya jana.

Sasa oneni maajabu. Farao aliyelipiwa kila kitu, matumbo yake yametolewa, ubongo umetupwa jalalani, kifua kimejazwa utomvu mpaka huoni kitu. Nakht maskini ana kila kitu ndani! Ubongo wake upo, umesinyaa lakini uko mzima. Kwa hiyo umaskini wake ndo umemfanya awe mtu anayejulikana vizuri kuliko wafalme wengi, na mimi hii huwa naifurahia sana, samahani.

Wakalainisha vipande vya viungo vyake, wakakata slaidi, wakaweka chini ya lenzi. Kwenye mapafu wakakuta masizi meusi, ya moto wa kupikia na taa za mafuta ndani ya nyumba ndogo, pamoja na vumbi la mchanga. Akina mama wanaopikia kuni humu ndani wanajua masizi hayo. Kwenye utumbo wakakuta mayai ya tegu. Kwenye msuli wa katikati ya mbavu wakakuta kifuko cha mnyoo anaitwa trikinela, na huyu kwa kawaida unampata kwa kula nyama ya nguruwe isiyoiva. Sasa mnakumbuka Herodotus? Huyo huyo anasema Wamisri walimwona nguruwe najisi, mchunga nguruwe hata hekaluni haingii. Haya, na Nakht je? Nakht alikula kitimoto, tena hakikuiva vizuri. Mwili umesema.

Na kwenye ini na utumbo wakakuta mayai ya kichocho.

Hapa nataka niende taratibu maana hapa Kanda ya Ziwa kichocho sio historia. Wale wa maabara mnalijua lile yai, umelizungusha mkojo kwenye sentrifyuji, umetoa tone la chini, umeweka kioo, unasogeza sogeza, mara linatokea, refu kidogo kama mbegu, rangi ya njano iliyopauka, na lina kamwiba kamoja mwishoni. Kama mwiba uko ubavuni hiyo ni aina nyingine, ya tumbo, hii ya mwiba mwishoni ni ya kibofu, mtoto anakojoa damu. Umbo hilohilo, kamwiba kalekale, daktari Marc Armand Ruffer pale Cairo alilikuta kwenye figo za mumia mbili mwaka 1910, mayai yamegeuka chokaa lakini mwiba unaonekana. Umri wake miaka elfu tatu na zaidi. Ningewekewa ile slaidi bila kuambiwa, ningeandika pozitivu na kumuita mzazi aje achukue dawa.

Na sababu ni ile ile, maji. Ukutani utamuona Mmisri kasimama kwenye mashua ya mafunjo anawinda ndege, maji ya bluu, samaki wanaogelea, mke kakaa miguuni na ua. Safi sana. Mchoraji hajamchora konokono. Mto Nile ulikua unafurika kila mwaka, mifereji inajaa, watu wanalima miguu iko majini, watoto wanaoga, na konokono yumo humo anamwaga lava kwenye maji, lava inapenya kwenye ngozi. Kilichoilisha Misri ndicho kilichoiumwisha. Na mpaka mwaka 1851 hakuna aliyemjua mdudu mwenyewe, mpaka daktari Mjerumani Theodor Bilharz alipomkuta kwenye maiti hospitalini Cairo, na ndo maana mpaka leo wengine wanaita bilhazia.

Meno. Dah, meno. Ukichukua mumia yoyote ya mtu mzima hebu angalia meno, yamesagika mpaka karibu na fizi. Mkate ndo ulikua chakula chao asubuhi na jioni, unga umesagwa kwa jiwe, punje za jiwe zinabaki humo, na upepo wa jangwani unaongeza mchanga wake. Unatafuna msasa maisha yako yote. Jino likishaisha juu, mzizi unabaki wazi, usaha unaingia kwenye taya. Ramses wa Pili huyo huyo, mwenye masanamu yale ya Abu Simbel, aliyejichora vita ya Kadesh akiwapiga Wahiti peke yake na gari lake (ukweli ni kwamba vita ile hakuna aliyeshinda, baadae wakasaini mkataba), mwili wake ni wa mzee wa karibu miaka 90, mgongo umepinda, viungo vimekakamaa, na taya lina majipu ya meno ambayo nina hakika yalimnyima usingizi. Alitawala miaka 66. Sijui miaka mingapi ya mwisho alitawala huku kashika shavu.

Alafu kuna moyo. Huwa tunaambiwa presha na moyo ni magonjwa ya chipsi na gari, kwamba wazee wa zamani walitembea wakala vya asili. Mwaka 2013 madaktari walitoa utafiti wa mumia 137 waliozipitisha kwenye siti skani, za Misri na za Marekani ya Kusini na Kaskazini, wakakuta mishipa yenye chokaa kwa mumia 47, yaani kama theluthi moja. Kuna binti wa mfalme anaitwa Ahmose-Meryet-Amun, kafa kwenye miaka yake ya 40, zaidi ya miaka 3500 iliyopita, mishipa ya moyo imeziba. Wengine wanalaumu nyama na mafuta ya kasri, wengine wanasema ni moshi na maambukizi ya kila siku, minyoo na malaria vinauchosha mwili. Mimi niko upande wa pili, kwa nilichoona kazini, mwili unaopigana kila siku unachakaa. Lakini chipsi mpunguze tu.

Farao kijana Tutankhamun lazima nimuongelee maana mngenidai. Kaburi lake Howard Carter kalipata Novemba 1922, dhahabu mnazijua. Kwenye kisanduku chake kachorwa juu ya gari la farasi anapiga mishale, simba wanaanguka, maadui wanaanguka. Mwaka 2010 wakatoa majibu ya vinasaba na siti skani: kafa na miaka kama 19, mguu wa kushoto una kasoro, wazazi wake ni kaka na dada wa tumbo moja au baba mmoja, na damu yake ina alama za malaria kali, faliparumu, hii hii yetu. Kuhusu mguu wataalamu bado wanabishana, wengine wanasema uliharibika wakati wa kukaushwa. Ila kaburini walikuta fimbo za kutembelea kama 130, na kwenye picha nyingine anawinda bata akiwa amekaa. Mtu mzima kijana anawinda kakaa kwenye kiti? Hapo mchoraji kidogo ukweli ulimponyoka. Na kwenye kisanduku cha mbao, bila jina, kulikua na mumia mbili ndogo sana, watoto wa kike waliozaliwa kabla ya wakati, wanaaminika ni wanawe. Ndoa za damu moja kizazi mpaka kizazi, dhahabu kilo mia na zaidi, na mrithi hakuna. Ukoo ukaishia hapo.

Kesi nyingine, hii ni ya polisi. Farao Ramses wa Tatu, mwaka 1155 KK. Kuna karatasi ya mafunjo iko Turin, Italia, ni mwenendo wa kesi: mke wake mmoja anaitwa Tiye alipanga njama na watu wa nyumba ya wake za mfalme ili mwanae Pentawere achukue kiti. Walikamatwa, wakahukumiwa, mpaka baadhi ya mahakimu wakakatwa pua na masikio kwa kufanya starehe na washtakiwa. Lakini karatasi haisemi wazi kama mfalme aliuawa. Wanahistoria wakabishana miaka na miaka. Shingo ya mumia ilikua imefungwa vitambaa vinene, hakuna aliyethubutu kuvitoa. Mwaka 2012 siti skani ikapita juu ya vitambaa: koo limekatwa mpaka kwenye mfupa. Na ndani ya jeraha mafundi wameweka hirizi ya jicho la mungu Horus, ya uponyaji. Yaani walijua wanachofanya, wakamtibu maiti ili huko aendako afike na koo zima. Alafu kuna maiti nyingine ya kijana, mdomo wazi, haikuchanwa, imefungwa kwenye ngozi ya mbuzi ambayo kwao ni najisi, na vinasaba vinaonyesha ni damu ya Ramses huyo. Wengi wanaamini ndo Pentawere.

Hiyo inatuleta kwenye kifo walikielewaje, maana mtu anaweza kudhani walikua wanapenda kufa. Hapana bwana, walipenda kuishi mpaka wakakataa kuacha. Unaposimama mbele ya Osiris, mungu wa wafu, moyo wako unawekwa kwenye mizani, upande wa pili kuna unyoya wa Maat, ambayo ni haki na ukweli. Mungu Thoth, karani wao, anaandika majibu, na pembeni kakaa mnyama Ammit, kichwa cha mamba, mbele simba, nyuma kiboko, anasubiri. Moyo ukizidi uzito anaula, umeisha, hakuna rufaa. Sasa hofu yao unaiona kwenye mumia wenyewe: juu ya kifua wanaweka hirizi ya mende wa jiwe, na nyuma yake wameandika maneno ya kuuomba moyo usisimame kutoa ushahidi dhidi yangu. Shahidi anaombwa anyamaze! Hapo namwona mtu kabisa. Kuta zinasema alikua mtenda haki, mwenyewe kifuani kaweka tahadhari.

Na kuna upole humo, sio hofu tu. Luxor walimkuta mwanamke, binti wa kuhani, ana kidole gumba cha mguu cha mbao na ngozi, miaka karibu elfu tatu, na kimerekebishwa zaidi ya mara moja kimkae sawa. Kidole chenyewe kilikatwa akiwa hai na jeraha likapona vizuri. Kwa hiyo kuna mtu alikata kwa ustadi, kuna fundi alipima, akachonga, akarudia. Mwingine kutoka kijiji cha mafundi cha Deir el-Medina, mwili wake una tatuu kama 30, macho ya ulinzi shingoni, nyani, ng'ombe, maua. Hakuna mchoro wa ukutani uliotuandaa kwa mwanamke kama yule. Inaelekea alikua na cheo kikubwa cha kidini na alikivaa kwenye ngozi.

Tulichowafanyia baadae nitapita haraka maana kinaudhi. Ulaya kwa mamia ya miaka waliwasaga wakawala kama dawa, nasema kweli, unga wa mumia uliuzwa famasi. Wengine wakawasaga wakatengeneza rangi ya kahawia ya wachoraji. London miaka ya 1830 watu walikata tiketi kuangalia maiti ikivuliwa vitambaa jukwaani. Mwaka 1890 mumia za paka, inakadiriwa 180,000, zikapelekwa Liverpool kwa meli kuwa mbolea. Na zile maiti za wafalme zilizofichwa pangoni Deir el-Bahari, zilipotolewa mwaka 1881 na kusafirishwa kwa meli, wanawake wa vijijini walitoka kingo za Nile wakalia kama msiba wa jana, ila inasimuliwa kwamba kufika Cairo ofisa wa ushuru hakukuta kwenye orodha yake kitu kinaitwa farao, akawatoza kama samaki wakavu. Aprili 2021 Misri wenyewe wakawahamisha wafalme na malkia 22 kwenda makumbusho mapya Fustat, hapo hapo Cairo, kwa magari yenye majina yao na mizinga ikapigwa. Angalau.

Maswali. Kaka aliuliza laana ya Tutankhamun, ile hadithi kwamba waliofungua kaburi lake waliuawa na laana. Lord Carnarvon aliyetoa hela ya kulitafuta kaburi alikufa Aprili 1923, mbu kamng'ata, akajikata palepale akinyoa, ikaingia sumu kwenye damu, antibayotiki zilikua hazijagunduliwa. Carter aliyefungua jeneza na kumshika maiti kwa mikono yake kafa mwaka 1939. Laana gani hiyo inasubiri miaka 17 kwa mhusika mkuu?

Dada wa wauguzi kauliza kama hizo picha za pasipoti ya Ramses zinazozunguka Whatsapp ni za kweli. Ni kweli alipelekwa Paris mwaka 1976 kutibiwa fangasi na akapokelewa na gwaride, lakini picha ile ni ya kutengenezwa kwenye kompyuta, acheni kuforwadi.

Mzee wangu pale mbele kauliza kama kweli wamesikia sauti ya mumia. Ndio, kuhani Nesyamun yuko Leeds, Uingereza. Mwaka 2020 walipiga siti skani koo lake, wakachapa mfano wake kwa printa ya 3D, wakapitisha sauti ya mashine. Imetoka irabu moja, fupi, kama "eeh". Basi. Miaka elfu tatu amekaa kimya na neno la kwanza anatuitikia.

La mwisho, mwalimu aliuliza kuhusu mumia za wanyama, kama walikua wanafugwa kwa heshima au ni biashara. Vyote viwili, ila biashara zaidi. Unaenda kuhiji, unanunua mumia ya ndege ibisi au paka, imefungwa vitambaa vya kupendeza, unaitoa kwa mungu wako. Ibisi peke yao Saqqara walizikwa mamilioni. Mwaka 2015 timu ya Manchester ilisema kati ya mumia za wanyama zaidi ya 800 ilizopiga picha, kama theluthi moja ndani hakuna mnyama kabisa, kuna tope, matete, manyoya mawili matatu. Watafiti wale wanasema sio lazima uwe utapeli, huenda hata tope la kiotani lilihesabiwa takatifu na mnunuzi alijua. Ni watu wa heshima hao, lakini mimi nasema watu walipigwa. Na sio maneno yangu tu, kuna karani wa hekalu la ibisi hapo hapo Saqqara, anaitwa Hor, karne ya 2 KK, ameacha maandishi yake kuhusu uozo kwenye shughuli hiyo na sheria iliyowekwa kuisafisha: mungu mmoja, chungu kimoja. Sasa nani anatunga sheria kama hiyo kama hakuna vyungu vitupu vilivyokua vinauzwa?